Nyonga ya mtoto: tuitazame kabla hajasimama

Mtoto anapopiga hatua yake ya kwanza nyumba nzima hufurahi. Lakini zipo nyumba ambamo furaha hiyo hugeuka kuwa wasiwasi. Mtoto anachechemea, au anayumba kama bata, na wala halii kwa maumivu. Bibi anasema atazoea. Jirani ananong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Miezi inapita. Mwezi huu tungependa kuwaeleza wazazi kwamba pengine chanzo chake ni nyonga ambayo haikukaa mahali pake tangu uchanga, na kwamba kasoro hiyo hutibika kwa urahisi zaidi ikigunduliwa mapema.

Nyonga ikoje?

Juu ya mfupa wa paja kuna kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hicho hukaa ndani ya kishimo kilichopo katika mfupa wa kiuno, mithili ya mchi ndani ya kinu. Kwa mtoto mchanga kishimo hicho bado ni laini, na kichwa chenyewe ndicho kinachokifinyanga. Kichwa kikitulia ndani, kishimo hukua vizuri. Kikikaa pembeni au nje, kishimo hubaki bapa, na kadiri siku zinavyopita kukirudisha kichwa huwa kugumu zaidi.

Katika nchi nyingi za Ulaya, mtoto 1 au 2 kati ya 1,000 huzaliwa na nyonga iliyotoka. Wa kike hupatwa zaidi kuliko wa kiume. Walio katika hatari zaidi ni mtoto aliyetanguliza matako tumboni, hata kama alizaliwa kwa upasuaji, mtoto ambaye mzazi au ndugu yake aliwahi kupata tatizo hili, na mzaliwa wa kwanza. Si kosa la mama, wala si laana.

Dalili zake

Mzazi anapombadilisha mtoto nepi atazame mambo haya:
- Paja moja halifunguki upande kama lenzake.
- Mtoto akilazwa chali na magoti yakikunjwa, goti moja liko chini kuliko jingine.
- Mikunjo ya ngozi ya mapaja hailingani. Dalili hii peke yake haitoshi, kwani watoto wengi wazima wanayo.
- Mtoto aliyeanza kutembea anachechemea, au anakanyagia vidole vya mguu mmoja.

Nyonga zote mbili zikiwa zimetoka, miguu inaweza kulingana na mzazi asione tofauti. Kwa hiyo kipimo cha mtaalamu ni cha lazima. Mwaka 1937 Marino Ortolani, daktari wa watoto wa Italia, alieleza namna ya kumpima mtoto mchanga kwa mikono mitupu: magoti hukunjwa, mapaja hufunguliwa polepole, na daktari husikia kichwa cha mfupa kikirudi kishimoni. Njia hiyo inatumika hadi leo. Mzazi asiijaribu nyumbani, kwani anaweza kumwumiza mtoto. Panapokuwa na shaka, mtoto wa miezi michache hupimwa kwa ultrasaundi, kwa sababu kichwa cha mfupa wake bado ni gegedu na hakionekani vizuri kwa eksirei. Baada ya miezi 4 hadi 6, eksirei hufaa.

Matibabu

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliye chini ya miezi 6 kwa kawaida huvalishwa mikanda laini iliyobuniwa na daktari Arnold Pavlik, Mcheki, katika miaka ya 1940. Mikanda hiyo hupita mabegani na kifuani, ikashika miguu ikiwa imekunjwa na kufunguliwa, huku mtoto akiendelea kurusha miguu. Huvaliwa mchana na usiku kwa wiki kadhaa. Watoto wengi hupona bila kisu. Lakini mzazi asiilegeze wala kuikaza mwenyewe, maana ikikazwa vibaya inaweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa.

Akicheleweshwa hadi baada ya miezi 6, mara nyingi mtoto hulazwa usingizi, nyonga ikarudishwa, kisha hufungwa hogo kuanzia kiunoni hadi miguuni kwa miezi mitatu hivi. Baada ya mwaka mmoja na nusu, wengi huhitaji upasuaji, pengine hata kukata mfupa na kuupanga upya. Asiyetibiwa kabisa huishi na mguu mfupi, maumivu ya mgongo na nyonga inayolika angali kijana.

Mbeleko ya mama

Madaktari wameona kwamba ugonjwa huu ni nadra katika Afrika kusini ya Sahara, na wengi wao wanaihusisha hali hiyo na mbeleko. Mtoto mgongoni hukumbatia kiuno cha mama kama chura, mapaja yamefunguka na magoti yako juu, na kichwa cha mfupa hukaa ndani ya kishimo. Huko Japani, mahali ambapo watoto walizoea kufungwa miguu ikiwa imenyooka, kampeni ilianzishwa mwaka 1975 ya kuwataka wazazi waiache desturi hiyo, na watoto wenye nyonga zilizotoka wakapungua sana.

Basi tusiionee haya mbeleko. Kwenye baridi, mfunike mtoto vizuri lakini acha miguu yake icheze. Usimfunge shali kama mzigo wa kuni, wala usimvute miguu ukidhani unaiondolea matege. Hata hivyo, nadra si kusema haupo.

Nasaha zetu

Mama aliyejifungua mtoto aliyetanguliza matako amwambie mhudumu wa kliniki waziwazi, na aombe nyonga za mtoto zipimwe. Mwenye mtoto anayechechemea asingoje azoee, wala asimpeleke kwa mkandaji. Aende zahanati, aombe barua ya kumwona daktari wa mifupa. Na sisi majirani, badala ya kunong'ona, tumsindikize mama huyo hospitali. Wiki chache za mikanda ni afadhali kuliko miaka ya kuchechemea.