Chembe za fedha hazikigeuzi kioo kuwa waya

Kila muhula huniletea swali hilohilo: fedha hupitisha umeme kuliko metali nyingine zote, basi tukitia chembe nano za fedha kidogo kwenye kioo-kauri (kioo kilichooteshwa fuwele ndani yake), si kitapitisha umeme? Hapana. Ukiongeza kidogo tena, bado hapana.

Kikombe cha Lycurgus, kazi ya kioo ya Warumi ya karne ya 4 iliyopo British Museum, London, kina chembe za dhahabu na fedha zisizozidi nanomita 100. Mwanga ukikipiga kwa mbele ni cha kijani, ukitokea nyuma ni chekundu. Metali imebadili rangi, lakini kioo kimebaki kihami. Watu hufikiri fedha ni kama chumvi kwenye mchuzi: ukizidisha kidogo, ladha inazidi kidogo. Umeme hauendi hivyo. Chembe zilizotawanyika ovyo hazifanyi njia mpaka zifike karibu asilimia 16 ya ujazo. Chini ya hapo elektroni lazima ivuke pengo la kioo, na pengo likipanuka kwa sehemu tu ya nanomita, mkondo hupungua mara nyingi. Isitoshe, chembe ya nanomita 5 ndani ya kioo hudai nishati yapata maradufu ya ile ya joto la chumbani ili kupokea elektroni moja tu. Halafu mtu ananiambia "lakini ni fedha, mwalimu!"

Tena unaweza kuharibu kilichokuwepo. Katika vioo ambamo ioni za fedha ndizo zinazobeba umeme, ioni iliyogeuka metali haitembei tena.

Kazi halisi ya chembe hizo mara nyingi ni nyingine: kuanzisha fuwele. S. D. Stookey wa kampuni ya vioo ya Corning aliligundua hilo miaka ya 1950 tanuri lilipozidisha joto na kioo chake chenye fedha kikageuka kauri.

Unataka elektroni zipite? Paka rangi ya fedha juu, au tumia oksaidi ya rutheni, au kioo cha vanadi. Unataka ioni za lithi? Tafuta fosfeti zenye alumini na titani, uzichome vizuri. Unataka kipitishe umeme na bado kiwe wazi? Oksaidi ya indi na bati.

Ukiniletea sampuli, niletee na vipimo vya upitishaji wake wa umeme katika viwango viwili vya joto. Upitishaji ukipanda pamoja na joto, metali yako haijaungana.