Siku ya Kwanza kwa Mshauri Nasaha

Mchimba dhahabu wa Masara, kaunti ya Migori nchini Kenya, ambaye usingizi umemhama tangu mwenziwe alipofukiwa shimoni, aghalabu huiahirisha safari ya kwenda kwa mshauri nasaha kwa sababu ya swali moja: nitalipa nini? Swali hilo ni la haki, wala si aibu kuliuliza mapema, kabla ya kupanda matatu kwenda Migori mjini. Aulize ada ya kila kikao, na kama bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, inapokelewa. Kwani asiye na mshahara hukadiriwa mchango kwa hali ya kaya yake, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, na aliyesajiliwa hutibiwa bila malipo katika zahanati na vituo vya afya vya serikali. Akumbuke pia nauli ya vikao vitakavyofuata, jambo linalosahauliwa mno.

Kisha achukue karatasi ya daftari, aandike dhiki ilianza lini, dawa anazomeza, na lile neno lililo zito kulitamka, hata kwa Kidholuo. Akishindwa kusema, ataikunjua tu na kumkabidhi mshauri.