Mwanamaji Mstaafu na Mkewe: Wasifu wa Marehemu Uandikweje? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza nafasi ya wasifu wa marehemu katika mazishi ya Njombe na Makambako, na kwa nini karatasi hiyo moja mara nyingi ndiyo maandishi pekee ya maisha ya mtu yanayobaki mikononi mwa ukoo. Leo tunautazama wasifu wa mtu mmoja: askari mstaafu wa jeshi la wanamaji aliyerudi nyumbani akaishi na mkewe mpaka mwisho. Wasifu wake huwa na mpangilio unaojulikana. Hutajwa kuzaliwa, shule, mwaka wa kuandikishwa jeshini, kozi, vyeo, nishani na mwaka wa kustaafu. Kisha husomwa sentensi moja kwamba ameacha mjane, watoto na wajukuu. Hoja yangu ni kwamba wasifu wa namna hiyo una kasoro ya ukweli, mbali na kasoro ya adabu kwa mjane. Utumishi wake majini na uaminifu wake kama mume ni habari moja, na anayezitenganisha hawezi kuieleza sawasawa hata moja kati ya hizo mbili.

Huenda msomaji akauliza wanamaji wanahusiana nini na nyanda hizi za baridi, kwenye viazi, chai na misitu ya misindano, wakati Dar es Salaam iko umbali wa takriban kilomita 650 kutoka Makambako. Mkoa wa Njombe wenyewe unajibu, kwa kuwa Wilaya ya Ludewa inashuka hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na katika ziwa hilohilo lilipiganwa moja ya mapambano ya kwanza kabisa ya majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani huko Liuli, bandari ambayo wakati huo iliitwa Sphinxhaven. Meli ya Wajerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Baadaye reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilipita Makambako na kurahisisha safari ya kijana wa Kibena kwenda pwani. Kwa hiyo mwanamaji aliyezikwa Njombe ni mtoto halali wa historia ya mkoa wake.

Tukitaka kuona kumbukumbu ya kiserikali inafika wapi na inaishia wapi, tutazame maafa ya meli Khedive Ismail. Tarehe 12 Februari 1944, meli hiyo ilikuwa ikivuka Bahari ya Hindi kutoka Mombasa kwenda Colombo ilipozamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Watu 1,297 walikufa, wengi wao askari wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Serikali ya wakati ule iliyahifadhi majina ya waliokufa, na kuyahifadhi lilikuwa jambo jema. Lakini jina lililochongwa kwenye ukumbusho halisemi nani alilima shamba mwaka ule, nani aliwaambia watoto kwamba baba harudi, wala mjane aliishije bila hata kaburi la kupalilia. Mambo hayo aliyajua mke, na pale ambapo hakuna aliyemuuliza, amekufa nayo. Rekodi ya jeshi huthibitisha kwamba mtu alitumikia. Gharama ya utumishi huo kwa kawaida huthibitishwa na nyumba yake.

Baada ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania kuundwa tarehe 1 Septemba 1964, kikosi cha wanamaji kilijengwa Kigamboni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China. Kazi ya mwanamaji ni ya kuondoka: doria, mafunzo, uhamisho, na wito usiojali msimu wa kupanda wala wa kuvuna. Njombe ilizoea kuondoka kwa wanaume kabla ya jeshi hili kuwapo. Enzi za ukoloni, maelfu kwa maelfu ya wanaume wa nyanda hizi walikwenda kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko, na wanawake wakabaki na majembe. Mwanahistoria James Giblin, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu Njombe ya karne ya 20, anaonyesha jinsi watu wa huku walivyoifanya familia kuwa kimbilio lao pale dola ilipowaweka pembeni. Nalitumia wazo hilo kwa askari pia, ingawa yeye alikuwa ndani ya dola. Kila alipoitwa, familia ndiyo iliyofidia pengo lake. Mke alilima vinyungu bondeni, akapanda miti mlimani na kulipa ada za shule, na mshahara uliotumwa kutoka pwani ukageuka nyumba kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuusimamia.

Sheria za nchi zimekwisha kulikubali jambo hili. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua mwaka 1983 kwamba kazi za nyumbani anazofanya mke zinahesabika kuwa mchango katika mali ya ndoa chini ya Sheria ya Ndoa ya 1971. Ikiwa mahakama inautambua mchango huo inapogawa mali, itakuwa ajabu sisi kuusahau tunapoeleza maisha ya mtu mbele ya jeneza lake.

Pingamizi la kwanza ni siri ya jeshi. Askari huapa kutunza siri, na wapo wanaohofu kwamba wasifu mrefu utafichua yasiyopaswa kusemwa. Hofu hiyo ina msingi, lakini haigusi ninachokitetea. Hakuna siri ya ulinzi katika kusema kwamba mtu alikuwa akituma fedha kila mwezi, au kwamba likizo zake alizitumia kulima na mkewe. Hata baadhi ya kazi zenyewe zilitangazwa, mfano kukamatwa kwa watuhumiwa wa uharamia kutoka Somalia karibu na Mafia mnamo Oktoba 2011. Siri ibaki siri, na nyumba isimuliwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Husemwa kwamba mambo ya ndoa ni ya chumbani, na kwamba mazishini kila mume hugeuka kuwa mwaminifu, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya. Nakubali kwamba sifa za mdomo tu hazina thamani. Ndiyo maana napendekeza neno "mwaminifu" lisiandikwe kabisa mpaka liwe na ushahidi chini yake. Je, alirudi nyumbani alipopewa likizo? Kiinua mgongo chake alikijadili na mkewe, au kiliisha kabla mke hajakiona? Mke alipougua, nani alimpeleka hospitali, na nani alikaa naye? Maswali haya hayaingii chumbani, kwani majirani wote wanayajua majibu. Pale ambapo majibu si mazuri, wasifu unyamaze kuhusu uaminifu na ubaki na utumishi. Kunyamaza huko kutawapa heshima inayostahili wale waliokuwa waaminifu kweli.

Wengine watasema wasifu ni wa marehemu, si wa mjane. Ni kweli, na mimi siombi uwe wa mjane. Naomba mjane awe shahidi wake wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyemjua mtu huyo kabla ya cheo, wakati wa cheo, na katika miaka ambayo sare ilikuwa imekwisha kurudishwa. Mara nyingi karatasi huandikwa usiku mmoja na kijana wa ukoo anayenakili vyeti, huku mama yuko ndani na waombolezaji, hajaulizwa hata tarehe ya ndoa yake.

Basi nawaomba watoto wa wastaafu wa Njombe, Makambako, Wanging'ombe, Makete na Ludewa wasisubiri msiba. Mkiwa na baba aliyetumikia majini, kaeni naye pamoja na mama wakati wote wawili wangali hai, muandike mwaka wa kuandikishwa na mwaka wa kufunga ndoa kwenye ukurasa mmoja. Mama naye apewe nafasi ya kusahihisha. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine apewe mtoto anayeishi mbali. Na siku ya kuusoma itakapofika, msomaji amtaje mke kwa jina lake kamili, pamoja na kazi aliyoifanya.