Masomo ya Jamii Yaanzie Mlangoni pa Shule

Wazazi wengi wa Nyeri na wa miji inayouzunguka Mlima Kenya wamepata kumsikia mtoto akikariri masomo yake jioni: kilele cha Batian kina urefu wa meta 5,199, cha Nelion 5,188, na cha Lenana 4,985. Hesabu hizo ni sawasawa. Lakini mtoe mtoto huyo nje asubuhi, mlima ukiwa wazi, umwulize uko upande gani wa shule yake, na huenda akanyamaza. Namba amezijua, mlima wenyewe hajaujua. Makala haya yataka kueleza jinsi mwalimu awezavyo kuyaondoa mafundisho ya namna hiyo, hata kama shule yake haina vifaa vya bei.

Somo lenyewe

Zamani habari za nchi, habari za kale na uraia vilifundishwa mbalimbali. Mwaka 1968 waelimishaji wa nchi kadha wa kadha za Afrika walikutana Mombasa, wakashauriana jinsi ya kuyaunganisha masomo hayo na kuyafanya yatokane na maisha ya mtoto wa Kiafrika mwenyewe. Kenya iliyaunganisha katika shule za msingi ulipoanza mpango wa 8-4-4 mwaka 1985. Katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini mwaka 2019, watoto wa madarasa ya chini huanza na mambo ya mazingira yao, kisha huingia katika Masomo ya Jamii katika Gredi ya 4. Basi shabaha ni ile ile: mtoto aanze na akionacho, ndipo aende mbali.

Ramani ya mchanga

Kwanza, mwalimu na awatoe watoto uani. Jua la asubuhi litawaonyesha mashariki. Wakiisha kujua pande nne za dunia, wachore shule yao juu ya mchanga: vijiti viwe nyumba, uzi uwe mto, fungu la udongo liwe mlima. Mtoto wa mjini Nyeri ataweka udongo huo kaskazini mashariki ya shule. Wa Nanyuki ataweka kusini mashariki, wa Meru kusini magharibi, na wa Embu upande wa kaskazini. Shule mbili zikiandikiana barua na kupelekeana ramani zao, watoto watafahamu kwamba mlima ni mmoja, ila mahali pa kuutazamia ni pengi. Hapo ndipo ramani iliyo katika kitabu itakapokuwa na maana kwao.

Soko na mto

Pili, soko. Watoto wa karibu na Karatina wanaweza kwenda sokoni na daftari, wakiongozwa na mwalimu, wakauliza kwa adabu kila kitu kimetoka wapi na kimeletwa kwa njia gani. Kuuliza si ujinga. Tuseme wamekuta mchele wa Mwea. Mpunga wa Mwea hunyweshwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi, na mito hiyo huteremka kutoka Mlima Kenya. Tena maji ya Mto Sagana huingia katika Mto Tana, hupita katika mabwawa ya umeme, na hatimaye huingia Bahari ya Hindi. Mtoto akiufuata mto huo kwa kidole juu ya ramani, ataelewa kwa nini mtu akataye miti ya msitu wa mlimani humpunguzia maji mkulima asiyemjua. Hilo ni somo la nchi, la biashara na la uraia kwa pamoja.

Picha na sinema za simu nazo ni msaada mwema, lakini zitanguliwe na swali. Mtoto atazamaye bila kutafuta jambo hukumbuka kidogo.

Habari za wazee

Tatu, na hili ndilo gumu zaidi, ni habari za kale. Katika Kaunti ya Nyeri habari hizo hazimo vitabuni tu, zimo majumbani. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 ikaondolewa Januari 1960. Kuanzia mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja wa sehemu hizi za kati walihamishwa wakatiwa katika vijiji vyenye ulinzi. Babu wa mtoto mmoja alikuwa msituni, wa mwingine alikuwa askari wa ulinzi, wa tatu alikuwa kizuizini, na watoto wao wote hukaa dawati moja.

Mwalimu asiliogope somo hilo, wala asilifundishe ovyo. Watoto watunge maswali yao kwanza darasani: mlikula nini, mlipata maji wapi, shule ilikuwaje? Wasimlazimishe mzee asiyetaka kusema. Wasikilize wazee zaidi ya mmoja, kisha walinganishe maneno yao na vitu vilivyohifadhiwa, kama vile vilivyomo katika Makumbusho ya Nyeri huko Ruring'u, katika jengo lililokuwa baraza la zamani. Wazee wakihitilafiana, mwalimu asiharakishe kukata shauri. Awaulize watoto kwa nini watu wawili walioishi siku moja walikumbuka mbalimbali. Na mtoto ye yote asiaibishwe kwa matendo ya babu yake.

Wazazi nao wana kazi yao. Mtoto akija nyumbani na maswali, asiambiwe kwamba anapoteza wakati wa mtihani. Wazee walioyaona mambo hayo kwa macho yao wanazidi kupungua kila mwaka, na neno lisiloulizwa leo halitapatikana tena kesho. Bibi aketi naye, amweleze.