Je, Wajua? Wawindaji Wanaoishi Nasi Kampala

Kampala ni mji wa vilima, na kati ya kilima na kilima kuna bonde la maji na mafunjo: Lubigi, Nakivubo, Kinawataka. Mabonde hayo ndiyo njia kuu za wanyama. Ndiyo maana mtu anayeishi Ntinda au Muyenga, nyuma ya ukuta mrefu wenye vigae vya chupa juu yake, anaweza kuamka asubuhi akute manyoya matupu bandani. Aliyefanya kazi hiyo hakutoka msitu wa Mabira usiku huo. Ni mkazi wa mtaa, ana saa zake za kutoka, njia anayoipenda na jambo linalomshinda. Ukiyajua hayo, sungura, njiwa na paka wako watazeeka salama, na yeye hutalazimika kumwua.

Jogoo ana mlio wa angani na mlio wa ardhini

Mwewe akipita juu, jogoo hutoa mlio mrefu, mwembamba, ambao ni vigumu kujua unatoka wapi. Mara kuku wote huchutama au kukimbilia kivulini. Akiona mbwa au nguchiro, hupiga kelele za kukatakata, na kuku husimama wima wakitazama huku na huku. Watafiti waliwasikilizisha kuku sauti hizo kwa kinasa bila adui yeyote kuwepo, na kuku wakafanya vilevile: mlio wa angani ukawafanya wajifiche, wa ardhini ukawafanya wasimame macho.

Lakini onyo bila maficho halimsaidii kifaranga. Uwanja uliofyekwa ukawa mweupe ndio mwewe anaoupenda. Acha vichaka vichache au migomba pembeni, na kwa wiki za mwanzo funika sehemu ya vifaranga kwa wavu. Wapo pia wafugaji wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi ili mwewe asiwatambue kama chakula.

Mji unaweza kuwa na mwewe wengi kuliko pori

Mwewe hufuata mabaki ya nyama, machinjio na panya. Delhi, mji mkuu wa India, ni miongoni mwa sehemu zenye mwewe wengi zaidi duniani kwa eneo, na wamejaa palepale penye watu wengi na takataka nyingi. Kampala inafanana nayo kwa hilo. Mwenye kuku anayetupa matumbo ya samaki uani anamwita mwewe kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna ndege ambaye mguu wake hupinda mbele na nyuma

Ni mla nyama mkubwa wa kijivu, mwenye uso mtupu wa njano unaogeuka mwekundu anaposhikwa na jazba. Kifundo cha mguu wake hupinda pande zote mbili, kwa hiyo anaweza kuning'inia kwenye shina, akaingiza mguu ndani ya tundu na kupapasa kona ambazo macho hayafiki. Hivyo ndivyo anavyowatoa makinda wa kwera kwenye viota vyao, na makinda wa njiwa kwenye masanduku yetu. Sanduku la njiwa liwe na kina kirefu, na ndani liwe na ubao unaokinga kiota, ili mguu ukiingia ukute ukuta.

Kaloli hujinyea miguuni makusudi

Korongo huyu mwenye upara, anayesimama juu ya miti na mapaa ya Kampala, hufikia urefu wa mita 1.5, na mabawa yake yakikunjuliwa huweza kuzidi mita 2.5. Kinyesi chake cha majimaji kikikauka miguuni humpunguzia joto, na ndicho kinachoifanya ionekane myeupe. Riziki yake ni mizoga, mabaki, panya na chochote kidogo kinachomezeka, kifaranga akiwemo. Paka mzima hamtishi. Pipa lenye kifuniko humwondoa kaloli uani kuliko mawe.

Kichwa cha kanu kikipita, kanu amepita

Huyu ndiye mwizi anayesingiziwa paka wa jirani. Kanu ana madoadoa, mkia mrefu wenye pete nyeusi, mwili mwembamba na uzito wa kilo 2 hivi. Hutoka giza likishaingia, hupanda mti, hupita juu ya ukuta na kushuka kwenye paa la banda bila kishindo. Akiingia mahali ambapo kuku hawawezi kukimbia, anaweza kuua kadhaa na kula mmoja.

Tazama banda la sungura la kawaida: nguzo za mbao, paa la bati, pembeni wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Wavu huo ulibuniwa kumzuia kuku asitoke. Kanu au nguchiro hupitisha mkono kwenye tundu, hushika mguu wa sungura mchanga na kuvuta. Kisha angalia pale bati linapokutana na mbao: mawimbi ya bati huacha mianya, na hapo ndipo kichwa kinapopita. Mlangoni kuna kamba au msumari uliokunjwa.

Fundi mzoefu wa Katwe atakwambia, "Nnyabo, huu wa kuku utakuja kuujutia. Chukua wa kahawa." Anamaanisha wavu mgumu wa kuanikia kahawa, wenye matundu madogo yasiyopitisha hata kidole. Ukigongomelea huo pande zote, ukaziba mianya ya bati na kuweka komeo la kuzungusha, kanu atazunguka banda usiku kucha na kuondoka kwenda kutafuta panya, ambao ndio chakula chake cha kila siku.

Na jambo jingine: Buganda ina ukoo wa Kasimba, ambao mwiko wake ni kanu, na ukoo wa Ffumbe, ambao mwiko wake ni fungo. Huenda jirani anayekukataza kutega mtego ana sababu ya mababu.

Nguchiro hupasua yai kwa kulirusha kinyumenyume

Nguchiro milia hulishika yai kwa miguu ya mbele, akageukia jiwe au mti, kisha akalirusha kwa nguvu kupitia katikati ya miguu ya nyuma mpaka lipasuke. Kule Mweya, katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth, watafiti wamekuwa wakifuatilia maisha ya makundi ya nguchiro hao tangu 1995. Wa mabondeni mwetu zaidi ni nguchiro wa majimaji, anayependa kingo zenye mafunjo. Huyu huchimba. Dawa yake ni kuufukia wavu chini ya ardhi kiasi cha sentimita 30, ukingo wake ukikunjwa kuelekea nje.

Kenge wa Nile amehamia Marekani

Kenge wetu, anayefikia mita 2 na anayependa mifereji na kingo za ziwa, alipelekwa Florida kama mnyama wa kufugwa. Wengine wakatoroka au wakaachiwa, na tangu miaka ya 1990 mji wa Cape Coral umekuwa ukihangaika nao, hasa kwa ajili ya bundi wanaotaga mashimoni. Kampala yeye ni mwenyeji. Hutembea mchana jua likiwaka na hufuata mayai. Okota mayai mapema asubuhi, tena mchana, naye hatakuwa na sababu ya kurudi.

Moyo wa chatu hukua akishakula

Kwa chatu wa Burma, watafiti walipima wakaona misuli ya moyo ikiongezeka kwa asilimia 40 ndani ya saa 48 baada ya mlo mkubwa, ili mwili uweze kuusaga. Chatu wa Afrika, aliye mkubwa kuliko nyoka wote wa bara hili, ana vishimo mdomoni vinavyohisi joto la windo gizani. Huingia bandani mwembamba, humeza sungura, kisha hushindwa kutokea kwenye tundu aliloingilia. Asubuhi unamkuta amejikunja, mzito, hana haja na wewe. Hana sumu, lakini meno yake huchana vibaya. Funga mlango, ondoa watoto na mbwa, wapigie simu Mamlaka ya Wanyamapori.

Zamani chatu aliheshimiwa hata kwa ibada: mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha 1911 kuhusu Waganda, aliandika habari za Selwanga, chatu aliyekuwa na hekalu na makuhani huko Buddu.

Swila hulenga macho

Mbwa mdogo mwenye udadisi hubweka mbele ya rundo la matofali, na swila mtema sumu humjibu kutoka mbali, hata zaidi ya mita 2. Sumu hiyo machoni huunguza na inaweza kupofusha. Osha macho papo hapo kwa maji safi mengi, kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda kwa daktari wa mifugo. Usipake maziwa ya mimea wala dawa ya kienyeji. Na lile rundo la matofali liondoe.

Mwindaji anayetisha kuliko wote hana macho

Siafu wafanyakazi ni vipofu. Huongozwa na harufu na mguso, na msafara mmoja huweza kuwa na mamilioni. Mnyama aliye huru huwakimbia, ila aliyefungiwa hana pa kwenda: vifaranga, sungura wachanga, mbwa aliyefungwa mnyororo. Msimu wa mvua ndio wakati wao. Simamisha miguu ya banda ndani ya makopo yenye maji au oili chafu, na hakikisha hakuna tawi wala jani linalogusa banda, maana jani moja ni daraja. Wakikuta nyumba, wafungulie mifugo na uwapishe. Wakiondoka watakuwa wamemaliza mende.

Paka naye ni mwindaji

Utafiti uliotolewa 2020 ulikadiria kwamba paka wa kufugwa wa Cape Town huua wanyama wapatao milioni 27 kwa mwaka, wakiwemo ndege, mijusi na panya. Kwa hiyo ukimfungia paka ndani kuanzia machweo, unamwokoa yeye na mbwa wa mitaani, na unawaokoa ndege na yeye.

Mbwa ni chakula cha chui mjini Mumbai

Pembeni mwa Mumbai kuna Hifadhi ya Sanjay Gandhi. Utafiti wa 2018 ulionyesha kwamba mbwa wa mitaani ni kama asilimia 40 ya chakula cha chui wa huko. Nairobi nako, katika mitaa inayopakana na hifadhi iliyoanzishwa 1946, wenye mbwa hujua kwamba usiku mbwa mdogo hulala ndani. Kampala hatuna shida hiyo, lakini kanuni ni ileile: takataka huleta mbwa wazururaji, na hao ndio wauaji wakubwa wa sungura na paka mitaani kwetu.

Sumu ya mbwa humwua tumbusi

Nyama yenye sumu haichagui. Huliwa na mbwa uliyemkusudia, paka wa jirani na tumbusi anayekuja kula mzoga. Tumbusi kofia, anayeonekana bado Kampala, tangu 2015 amewekwa katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya 2019, wanyamapori ni wa Serikali kwa niaba ya wananchi, na makosa dhidi ya spishi zilizo hatarini yanaweza kumfikisha mtu kwenye kifungo cha maisha. Wa kupigiwa simu ni Mamlaka ya Wanyamapori, UWA, yenye makao yake Kamwokya. Wanyama waliookolewa huweza kupelekwa kituo cha Entebbe, kilichoanza 1952 kama makao ya wanyama yatima.

Jino la kuogopwa zaidi ni lile linalomwacha mbwa hai

Nguchiro au bweha anayetembea mchana bila woga, akimkaribia mbwa badala ya kumkimbia, huenda ana kichaa. Humng'ata mbwa, mbwa hupona jeraha, na wiki kadhaa baadaye ugonjwa huanza ndani ya nyumba. Takriban visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu, hadi asilimia 99, hutokana na mbwa. Wavu wa kahawa hauwezi kuzuia hilo. Chanjo inaweza: ya kwanza mbwa akiwa na miezi 3, kisha urudie kila mwaka, na paka usimsahau.