Baba Aliniuliza Kama Nasomea Wezi

Nilipomwambia baba nimepata nafasi ya kusomea kriminolojia chuo kikuu, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Yaani tumehama Unguja kuja Uingereza ili wewe usomee wezi?" Mama akacheka. Mimi sikucheka, maana jamaa wote walishaambiwa nitakuwa daktari.

Kwa wanaouliza: si uaskari, wala si uwakili. Anayetaka uwakili asomee sheria. Sisi tunasoma kwa nini watu hufanya makosa, nani huamua kipi ni kosa, na jinsi polisi, mahakama na magereza yanavyofanya kazi. Muhula wa kwanza nilikwenda kusikiliza kesi katika mahakama ya mahakimu. Nilitarajia majoho na mawigi. Nikakuta watu watatu wa kawaida, hawalipwi mshahara wala si lazima wawe wamesomea sheria, na mahakama kama hiyo ndiyo humaliza zaidi ya asilimia 90 ya kesi za jinai za England na Wales. Baba aliposikia akasema hilo ni baraza la wazee tu. Hakukosea sana.

Kozi iliniingia hasa tuliposoma ripoti ya Macpherson ya 1999, kuhusu upelelezi wa mauaji ya Stephen Lawrence, kijana mweusi aliyeuawa London mwaka 1993. Ripoti ilisema ubaguzi ulikuwa ndani ya taasisi yenyewe ya polisi. Nikamkumbuka mdogo wangu. Akiwa na miaka 15 alisimamishwa akitoka madrasa, akapekuliwa mbele ya wapita njia. Aliporudi, baba alimwuliza swali moja tu: "Ulifanya nini?" Tangu siku hiyo hakumsimulia baba jambo lolote.

Nikachukua daftari langu, nikawaketisha mezani. Niliwasomea kwamba kwa sheria ya 1984 askari anatakiwa awe na sababu ya msingi ya kumshuku mtu. Kwa kawaida hutaja jina lake na kituo chake, na lazima aeleze anatafuta nini na kwa nini. Anayepekuliwa halazimiki kutaja jina lake, na ana miezi mitatu ya kuomba nakala ya kumbukumbu ya upekuzi.

Baba alisikiliza mpaka chai ikapoa. Kisha akamgeukia mdogo wangu.

"Siku ile, walikwambia wanatafuta nini?"

"Hawakusema, baba."

"Basi nisimulie. Anza pale ulipotoka madrasa."