Je, Wajua? Ndizi ya Kihambani Masama

Je, wajua kwamba ndizi, ambayo katika vihamba vya Masama, wilayani Hai, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba, hukua pamoja na kahawa chini ya miti mirefu, ina takriban miligramu 360 za potasiamu katika kila gramu 100 za tunda bivu? Potasiamu ni madini yanayousaidia mwili kutoa chumvi ya ziada kupitia mkojo na kulegeza mishipa ya damu, hivyo kupunguza shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 kwa siku. Kwa kuwa madini hayo huyeyuka katika maji, ndizi zilizochemshwa na maji yake kumwagwa hupoteza sehemu yake, ilhali mtori, supu nzito ya ndizi na nyama anayopewa hasa mzazi aliyejifungua, huyahifadhi, na hapo busara ya jiko la Kichaga inastahili heshima kubwa. Ndizi mbichi ina pia wanga sugu, yaani wanga usiomeng'enywa katika utumbo mwembamba, ambao hulisha bakteria wenye manufaa katika utumbo mpana, ingawa moto wa kupikia hupunguza kiasi chake. Mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika, hata hivyo, hushindwa kutoa potasiamu iliyozidi, na kwake kiasi cha ndizi hupangwa na daktari.